Kupima Kani ya Msokoto kwa Usahihi

Mara nyingi hudaiwa kuwa Kiswahili hakiwezi kufundishia uhandisi. Makala hii inakusudia kulipima dai hilo kwa kueleza jambo moja mahususi: namna kani inayosokota shafti ya mtambo inavyopimwa kwa kutumia streni geji.

Geji hii ni uzi mwembamba wa metali uliokunjwakunjwa juu ya kipande cha plastiki, kisha ukabandikwa kwenye shafti kwa gundi. Uzi ukivutwa, hurefuka na kuwa mwembamba zaidi, hivyo ukinzani wake wa umeme huongezeka. Ukibanwa, ukinzani hupungua. Kelvin aliueleza uhusiano huu mwaka 1856. Mwaka 1938, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake, walibuni geji ya kubandikwa nchini Marekani.

Je, ibandikweje? Tutazame leso inapokamuliwa: mikunjo yake hukaa mshazari. Shafti nayo inaposokotwa huvutika zaidi kwenye mshazari wa digrii 45 na kubanika zaidi kwenye mshazari unaoukingama huo. Geji iliyolazwa sambamba na urefu wa shafti haitahisi msokoto huo.

Hata hivyo, badiliko lenyewe ni dogo mno. Geji ya omu 350 huweza kubadilika kwa omu 0.35 tu, na joto peke yake laweza kuleta badiliko la kiasi hicho. Ndiyo maana geji nne huunganishwa katika daraja la Wheatstone: mbili za kuvutwa na mbili za kubanwa, zikiwa jozi mbili kwenye pande mkabala za shafti. Kwa kuwa joto huziathiri zote sawasawa, athari yake hujifuta. Athari ya kupinda kwa shafti hujifuta vilevile. Kinachosalia ni msokoto.

Hatimaye daraja hulinganishwa na kiasi kinachojulikana. Tungamo la kilo 10 likining'inizwa kwenye mwisho wa wenzo wa nusu mita huzaa msokoto wa takriban nyutoni-mita 49. Pasipo hatua hii, tarakimu zitasomeka lakini hazitaaminika.

Kusokota, kukamua, kuvuta, kubana: maneno haya tunayo tangu utotoni. Lililosalia kwetu wanafunzi na wahadhiri ni kuyafikisha karakanani.