Kelele za Msumeno na Masikio ya Seremala
Ufukweni Ujiji na Kibirizi, ambako maboti ya mbao ya Ziwa Tanganyika huundwa, na katika karakana za samani mjini Kigoma, msumeno wa umeme huharakisha kazi. Masikio ndiyo hulipa.

Msumeno wa mviringo unapopasua mbao ngumu huweza kufikia desibeli 100. Wataalamu wengi huruhusu desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda huo hupungua nusu. Kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu.

Seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena, na hazifi kwa maumivu. Kwanza masikio huvuma jioni. Baadaye sauti za “s” na “f” hupotea, na fundi huwalaumu wanawe kwamba wananong’ona. Mhudumu wa afya akisikia lalamiko hilo, aulize kazi ya mgonjwa, kisha apange vipimo vya usikivu asubuhi, kabla mashine haijawashwa.

Kelele ipunguzwe kwanza kwenye mashine yenyewe. Diski butu au iliyopinda hupiga kelele zaidi. Inolewe au ibadilishwe. Meza ikazwe nati, iwekewe mpira chini ya miguu. Mashine isiachwe ikizunguka bure. Mwanagenzi anayepiga msasa asogee mbali: mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, kelele hupungua desibeli 6.

Pamba, ambayo mafundi wengi huiamini, haikingi. Kizibo cha sponji hukinga, ila kifinywe kwanza kiwe chembamba, sikio livutwe juu na nyuma, ndipo kiingizwe na kushikiliwa hadi kivimbe.