Kanzu ya "hariri" iliyoyeyuka

Siku chache baada ya Idd, tulipomaliza sala ya Isha, mzee mmoja wa msikiti wetu alinijia akiwa na mfuko mkononi. Ndani yake mlikuwa na kanzu nyeupe inayong'aa, zawadi kutoka kwa mwanawe.

"Katibu," aliniambia, "kijana amejibana akaninunulia, lakini muuzaji amemwapia kuwa ni hariri safi. Nimeshindwa kuivaa, naye anadhani nimeidharau zawadi yake."

Mzee alikuwa na haki ya kusita. Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwakataza wanaume kuvaa hariri, na akawaruhusu Zubair bin Awwam na Abdulrahman bin Auf (r.a.) kwa sababu ya muwasho uliowasumbua. Hata hivyo, kabla ya kuuliza hukumu ya kitu, yatupasa kukijua kitu chenyewe. Je, kitambaa kile kilikuwa hariri?

Kazi ya kiwavi na kazi ya mkulima

Hariri halisi hutoka kwa kiwavi wa nondo anayelishwa majani ya mforsadi. Akikomaa hutoa ute kupitia tundu dogo kinywani, ute huo huganda ukawa uzi, naye hujizungushia mpaka akajifunika ndani ya kifukofuko. Wafugaji hutia vifukofuko katika maji ya moto ili gundi yake ilegee, kisha huukunjua uzi. Kifukofuko kimoja huweza kutoa uzi unaozidi mita 600. Kazi hiyo ndefu ndiyo huifanya hariri kuwa ghali.

Pamba haina uzi mrefu namna hiyo. Pamba ya Shinyanga au Simiyu huchambuliwa ili kutenga mbegu, huchanwa ili nyuzi zake fupi zilale upande mmoja, kisha husokotwa, na msokoto huo ndio unaozishikamanisha. Mfumaji hutandika mtande kwa urefu na kupitisha mshindio kwa upana. Wazee wetu wa Kilwa waliijua kazi hiyo karne nyingi zilizopita. Wachimbaji wa mambo ya kale wameokota huko vigurudumu vingi vya udongo vya kusokotea. Na kwa mapokezi ya Bibi Aisha (r.a.), Mtume (s.a.w.) alikafiniwa katika nguo tatu nyeupe za pamba kutoka Yemen.

Mwanadamu amwiga kiwavi

Mwaka 1889, katika maonesho ya Paris, Mfaransa Hilaire de Chardonnet alionesha hariri ya bandia. Mwaka 1892 Waingereza Cross, Bevan na Beadle walisajili njia ya kutengeneza viskosi: rojo ya miti huyeyushwa kwa kemikali, husukumwa kupitia matundu membamba sana, na kuingia katika maji yenye asidi ambamo hugeuka uzi.

Poliesta ilifuata mwaka 1941, kazi ya Waingereza Whinfield na Dickson. Hii hutokana na kemikali za mafuta ya petroli. Chembe zake huyeyushwa kwa joto linalozidi sentigredi 250, hupenyezwa katika matundu, hupozwa kwa hewa, kisha huvutwa ili uzi uwe imara. Uzi huo ukikatwakatwa huchanganywa na pamba. Ukiachwa mrefu na laini, hung'aa kama hariri. Nguo yake haikunjamani na hukauka upesi, lakini hainyonyi jasho kama pamba.

Moto watoa ushahidi

Tulichomoa nyuzi mbili tatu katika upindo wa ndani wa kanzu, tukazishika kwa kibano juu ya sahani yenye maji, tukaziwasha. Pamba na viskosi hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua. Zile nyuzi zetu zilijikunja, zikayeyuka, zikaacha punje ngumu nyeusi. Ilikuwa poliesta.

Imamu alithibitisha kwamba hariri iliyokatazwa ni ile ya kiwavi, na Ijumaa mzee alikuja amevaa kanzu yake, mwanawe pembeni. Kijana, hata hivyo, alikuwa amelipa bei ya hariri. Alipomrudia muuzaji, aliambiwa kwamba "hariri" ni jina tu la kitambaa. Jina hilo lilimpotezea kijana fedha, na nusura limharibie radhi ya baba yake. Wafanyabiashara wetu wamche Mwenyezi Mungu katika majina wanayoyapa bidhaa.

Nanyi akina mama, ikumbukeni ile punje. Poliesta ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Pamba nayo huwaka upesi. Buibui pana na mikono mirefu ikae mbali na jiko, na jaribio hili wasiachiwe watoto. Unaponunua, soma kwanza lebo iliyoshonwa ndani ya nguo. Kama haipo, omba kipande kidogo cha kitambaa ukakipime nyumbani kabla ya kulipa.