Bisibisi Inayokaa Sawasawa: Vifaa vya Kuunda na Kutengeneza Magari ya Redio

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu walioko ughaibuni, juu ya kabati au chini ya kitanda, limo gari la mtoto lisilotembea. Lilinunuliwa kwa furaha siku ya Idi, au mtoto alipofaulu mtihani wake; likakimbia wiki mbili, likagonga ukingo wa njia, kisha likafungiwa. Hatulikusudii hapa lile gari la bei ndogo ambalo likivunjika hutupwa. Tunalikusudia lile ambalo ukubwa wake ni moja ya kumi ya gari la kweli, linaloendeshwa kwa mawimbi ya redio na kuuzwa likiwa vipande ndani ya boksi, ambalo kila kipande chake chaweza kufunguliwa, kubadilishwa na kurudishwa mahali pake. Gari la namna hiyo halifi kwa urahisi. Aghalabu kinachokufa ni vichwa vya skrubu zake, navyo hufia mikononi mwa baba wa nyumba aliyeshika bisibisi isiyostahiki.

Mfano mwema ni gari liitwalo Grasshopper, lililotolewa na kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, mwaka 1984, likarudishwa madukani mwaka 2005. Wako wazee waliokuwa wakilitazama kwenye vioo vya maduka walipokuwa wanafunzi, ambao leo waweza kuwanunulia watoto wao lile lile. Ndani ya maboksi ya kampuni hii aghalabu hutiwa spana ndogo yenye umbo la msalaba na ufunguo wa pembe sita uliopindwa kama herufi L. Bisibisi haimo, na hapo ndipo penye mtego, kwani kila mtu hudhani anayo tayari.

Msalaba ulio juu ya skrubu si mmoja duniani. Uko ule unaoitwa Phillips, kwa jina la Mmarekani Henry F. Phillips aliyepata hataza zake katika miaka ya 1930. Nao ndio uliozagaa Uingereza na Marekani. Na uko wa kipimo cha Kijapani, kijulikanacho kwa herufi JIS. Kwa macho ni mapacha. Lakini ncha ya Phillips haifiki vizuri chini ya shimo la skrubu ya Kijapani. Hushika juu juu, na mkono ukitia nguvu hupanda, ikachomoka na kukwangua kuta za msalaba. Baada ya mara tatu nne shimo huwa mviringo na hapana tena pa kushika. Dawa yake ni bisibisi ya JIS namba 2 kwa skrubu za milimita 3, ambazo ndizo nyingi, na namba 1 kwa zile ndogo zaidi. Wala hutapata hasara, maana bisibisi hiyo ya Kijapani hukaa vyema hata kwenye skrubu za Phillips za vitu vingine vya nyumbani.

Skrubu nyingi za magari haya huingia ndani ya plastiki na kujichongea njia zenyewe mara ya kwanza. Mara ya pili sharti zifuate njia ile ile, ama sivyo zitachonga nyingine na tundu litalegea kabisa. Basi kabla ya kukaza, izungushe skrubu kinyume polepole mpaka uhisi imedondokea kwenye njia yake, ndipo uizungushe mbele. Na kichwa kikigusa plastiki, uache hapo hapo. Mashine ya umeme ya kukazia skrubu na ikae kabatini.

Magari mapya na yale ya mashindano yameuacha msalaba, yakatumia tundu la pembe sita. Hapa vipimo vinavyohitajika ni vitatu tu: milimita 1.5, 2.0 na 2.5. Skrubu ya milimita 3 yenye kichwa kirefu hutaka 2.5; ile yenye kichwa cha kibonge au kilicholala hutaka 2.0, na ile isiyokuwa na kichwa, inayoikaza gia ndogo kwenye ekseli ya mota, hutaka 1.5. Magari ya zamani ya Kimarekani, mfano wa RC10 ya Team Associated iliyotoka mwaka 1984, yalitumia vipimo vya inchi, na kuchanganya ni maangamizi. Ufunguo wa inchi 3/32 una upana wa milimita 2.38, ukiutia katika tundu la 2.5 utaingia kwa ulaini, utazunguka kidogo, kisha utaviringa pembe zote sita. Kwa rai yetu, bisibisi tatu zenye ncha ya chuma kigumu zina faida kuliko lile sanduku la vipande mia linalouzwa kwenye masoko ya Jumapili, ambalo ncha zake huchakaa kabla ya gari.

Vilivyobaki ni vyepesi. Spana ya milimita 7 kwa nati za magurudumu na ya 5.5 kwa nati ndogo. Koleo yenye mdomo mrefu mwembamba. Koleo ya kukatia vipande vya plastiki kutoka kwenye fremu yake. Kisu kikali cha kuparua masalio. Mswaki mkuukuu wa kusugulia vumbi. Kwa magari ambayo bodi yake ni ya plastiki angavu na nyembamba, tafuta mkasi uliopinda, na chombo cha kutobolea chenye umbo la pia, ambacho hupanua tundu taratibu bila kulipasua. Bodi hiyo hupakwa rangi kwa ndani, si kwa nje, ndiyo maana mikwaruzo haiharibu uzuri wake. Tandika taulo jeupe mezani kabla ya kuanza, kwani zipo pete ndogo za chuma ambazo zikiruka huwa zimekwenda.

Chupa ndogo ya gundi ya buluu ya kuzuia skrubu zisilegee ni lazima, kwa sharti moja: ni ya chuma kuingia katika chuma. Ikigusa plastiki huweza kuidhoofisha hata ikapasuka. Tone moja latosha kwa ile skrubu ya gia ya mota. Na unapozikutanisha gia mbili, weka ukanda wa karatasi ya kawaida katikati yake, uzibane, ukaze mota, kisha uitoe karatasi. Nafasi inayobaki ndiyo inayotakiwa. Zikibanana mno hupata joto, zikiachana mno hutafunana meno.

Kazi zote hizi mtoto wa miaka kumi aweza kuzifanya. Lakini mazoea ya nyumba zetu ni kuwa baba hufungua, hukaza na kujaribu, ilhali mtoto kazi yake ni kushika kurunzi. Mpe bisibisi. Kurunzi ishike wewe.

Palipo na chuma cha kulehemu, hapo mkono uwe wa mtu mzima. Nyaya za betri ni nene na hunyonya joto, hivyo chuma kidogo cha kurekebishia redio hakifai. Tafuta cha wati 60 au zaidi. Lehemu nyepesi kuyeyuka ni ile ya bati na risasi, ambayo ikiwa na bati asilimia 63 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Pasha waya, si lehemu, na uiache lehemu inywewe na waya. Fungua dirisha hata kama ni Januari, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, maana risasi ni sumu, na kwa watoto wadogo zaidi. Unapobadilisha plagi ya betri, kata na ulehemu waya mmoja kwanza, uufunike, ndipo uende wa pili. Nyaya mbili zilizo uchi zikigusana hutoa cheche papo hapo.

Tunasisitiza zaidi juu ya betri. Zile za zamani za nikeli zilivumilia mengi, lakini za lithiamu zitumikazo sana siku hizi hazivumilii. Kila seli hujazwa hadi volti 4.2 na isizidi, wala isishuke chini ya 3.0. Chaja iwe ile inayosawazisha seli, na kipimo cha kuchaji kifuate ukubwa wa betri: yenye mAh 5000 huchajiwa kwa ampea 5, si zaidi ya hapo ila mtengenezaji akiruhusu. Usiiache ikichaji usiku watu wamelala, wala ukatoka kwenda msikitini ukaiacha juu ya zulia. Iweke juu ya kigae au ndani ya mfuko wake usioshika moto, mbali na mlango mnaoutegemea kutokea. Wengi wetu tunaishi ghorofani, kwenye ngazi moja nyembamba. Betri iliyovimba haichajiwi tena kamwe, wala haitupwi katika pipa la taka za nyumbani, bali hupelekwa kituo cha kupokea betri.

Na anayelifungasha gari kwa ajili ya wajukuu wa Unguja au Mombasa, ajue kuwa betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi katika mizigo inayowekwa tumboni mwa ndege. Huchukuliwa mkononi, ncha za nyaya zikiwa zimefunikwa kwa utepe. Mpaka unaotumika na mashirika ni wati-saa 100 kwa betri moja, na ile ya volti 7.4 yenye mAh 5000 ina 37 tu. Bisibisi na visu, kinyume chake, viende kwenye sanduku la chini.