Nje ya Ua wa Uwanja wa Ndege

Msafiri atokaye katikati ya New York akiuendea uwanja wa ndege wa John F. Kennedy kwa reli hulazimika kuteremka kabla ya kufika, ama Jamaica katika wilaya ya Queens, ama Howard Beach karibu na ghuba. Na hapo, akiyakokota masanduku yake, hupanda treni nyingine ndogo isiyo na dereva, iitwayo AirTrain, iliyofunguliwa Desemba 2003, ambayo humzungusha katika majengo ya abiria hata akashukia mlangoni pa lile alitakalo. Aghalabu watu hudhani kwamba safari hii imekatwa vipande viwili kwa sababu mafundi walishindwa kuiunga. Rai yangu ni kwamba mafundi hawana lawama kubwa, na kwamba atakaye kujua kwa nini reli ya mji na treni ya uwanjani hukutana nje ya ua badala ya kuwa njia moja, ni heri aulize kwanza fedha zilitoka katika hazina gani.

Mwaka 1990 Bunge la Marekani liliviruhusu viwanja vya ndege kumtoza kila abiria apandaye ndege ushuru mdogo, ambao wakati ule haukuzidi dola 3, kwa sharti kwamba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya uwanja na wasafiri wake. Mamlaka ya Bandari ya New York na New Jersey, iuendeshayo uwanja huo, iliutegemea ushuru huu kwa sehemu kubwa katika kujenga reli iliyogharimu takriban dola bilioni 1.9, nayo mashirika ya ndege, yalipoona fedha za abiria wao zinatumika nje ya uwanja, yalikwenda mahakamani kuipinga idhini ya serikali. Kwa hali hiyo ingalikuwa muhali kujenga, kwa fedha hizo hizo, njia ambayo karani wa Queens angaliipanda asubuhi kwenda kazini kwake, maadamu karani huyo hana ndege anayoifuata. Reli ikasimamishwa juu ya nguzo katikati ya barabara kuu ya Van Wyck, ikavuka mitaa yenye watu wengi, wala haikuwekwa stesheni hata moja baina ya Jamaica na mpaka wa uwanja. Mwenyeji huiona ikipita kila baada ya dakika chache na hana pa kuipandia. Nauli nayo imeufuata mpaka uo huo: aendaye kutoka jengo moja hadi jingine ndani ya uwanja halipi kitu, bali apitaye lango la Jamaica au la Howard Beach hulipa, dola 5 ilipofunguliwa, na leo zaidi ya dola 8, mbali na nauli ya treni ya mji.

Haya hayana maana kwamba kuziunga njia mbili ni jambo jepesi. Upana wa reli ni mmoja, milimita 1435, kwa AirTrain, kwa treni za chini ya ardhi, na kwa treni za Long Island zipitazo Jamaica. Lakini usawa huo ukikomea hapo haufai kitu. Mota ya kawaida huzunguka na kuzungusha magurudumu, ilhali mota ya AirTrain ni kama mkeka uliokunjuliwa: sehemu moja imefungwa chini ya behewa, sehemu ya pili ni bamba refu la madini lililolazwa katikati ya reli, na nguvu ya sumaku baina ya hizo mbili ndiyo ivutayo gari. Kwa sababu hiyo gari hupanda miinuko mikali bila magurudumu kuteleza. Fauka ya hayo, mabehewa yake ni mepesi, na sheria za Marekani haziruhusu magari mepesi kuchanganyika ovyo na treni nzito za njia kuu, kwa hofu ya mgongano. Yalikuwako mashauri, miaka ya mwanzo ya karne hii, ya kuzifikisha treni hizo Manhattan ya kusini kwa magari ya aina mpya. Mashauri yakabaki katika makaratasi.

Wala si kwamba treni ya mji ikiingia uwanjani taabu zote hukoma. Njia ya Piccadilly ya London ilifika Heathrow mwaka 1977, ikalifikia jengo la nne mwaka 1986 kwa kitanzi cha upande mmoja, na la tano mwaka 2008. Na kwa kuwa majengo yametawanyika, treni zimegawanywa, hizi za huku na hizi za kule, na mgeni asiyesoma ubao kwa makini hujikuta akipelekwa kusiko kwake. Gari dogo lipitalo kila mara na kusimama kwa kila jengo halina mashaka hayo.

Basi ikiwa hapana budi kubadili treni, hesabu yote i katika mahali pa kubadilia. Wapangaji wa usafiri huihesabu dakika ya kungoja au ya kupanda ngazi kuwa nzito takriban mara mbili kuliko dakika ya kukaa kitini, na kwa mwenye masanduku mawili na mtoto mgongoni nadhani hata hiyo ni hesabu ya kupunja. Lifti ikiharibika, faida yote ya mwendo wa kasi imepotea.

Orly, kusini ya Paris, imezijaribu njia zote mbili. Mwaka 1991 ilifunguliwa Orlyval, treni ndogo isiyo na dereva iliyokutana na reli ya mji huko Antony. Abiria walikuwa haba kuliko matarajio, kampuni ya binafsi iliyoimiliki ikaelemewa na madeni, na mwaka 1993 shirika la uchukuzi la Paris, RATP, likaichukua kuiendesha. Juni 2024 njia ya 14 ya metro, ambayo tangu ilipoanza mwaka 1998 haina dereva, ilirefushwa hadi uwanjani penyewe, kwa gharama iliyobebwa kwa sehemu kubwa na kodi za jimbo zima. Ndiyo maana inasimama njiani, L'Haÿ-les-Roses na Chevilly-Larue, ikiwachukua watu wasio na safari yoyote ya angani. Tikiti ya kushukia Orly imepangiwa bei ya juu kuliko ya stesheni zilizotangulia. Ila mwenye pasi ya mwezi hupita bila kuongeza senti, pasi ile ile ambayo Orlyval haikuipokea.