Biryogo: Siku ya mwisho ya safari, Kiswahili ndicho mwenyeji

KIGALI. Magari ya utalii yanayorudi mjini kutoka Hifadhi ya Akagera au milima ya Musanze hujulikana kwa vumbi na matope yake. Wageni wamekwisha kuona simba na gorila, mabegi yamefungwa, na kilichobaki ni kwenda uwanja wa ndege wa Kanombe. Lakini ndege nyingi za Ulaya huondoka jioni au usiku. Kati ya chai ya asubuhi na safari ya uwanjani hubaki saa kadhaa ambazo hazina mnyama wa kutazama.

Wengi huzitumia kwanza Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya 1994, walikozikwa watu zaidi ya 250,000. Wanaotoka hapo huwa kimya. Baadhi yao hupelekwa kupumua Biryogo, mtaa wa Waislamu na Waswahili ulio chini ya Nyamirambo.

Tangu 2021 sehemu ya mtaa huu imefungwa kwa magari. Barabara imepakwa rangi, meza zimetolewa nje, na watu huagiza samaki wa kuchoma, mishikaki, chapati na chai ya mnanaa. Hatua chache kutoka hapo mafundi wanafungua injini na wauza vipuri wanaita wateja. Anayeita huita kwa Kinyarwanda, na asipojibiwa hugeukia Kiswahili.

Kwa mkazi wa Biryogo, siku hii ya mwisho ina uzito wake. Kibali cha kuwaona gorila nchini Rwanda kimekuwa dola 1,500 kwa mgeni tangu 2017. Asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hutengwa kwa ajili ya wananchi wanaopakana nazo. Biryogo haipakani na hifadhi yoyote. Fedha ya safari ikifika hapa, hufika mkononi: kwa fundi cherehani anayeshona kitenge mgeni akisubiri, kwa msusi, kwa mama aliyepika.

Kituo cha Wanawake cha Nyamirambo, kilichoanzishwa na wanawake 18 mwaka 2007, ndicho kilichoonyesha njia. Huwatembeza wageni kwa miguu, wakapita saluni, duka la maziwa na msikitini, kisha wakala chakula cha mchana nyumbani kwa mwenyeji. Mgeni aliyekaa wiki nzima nyuma ya kioo cha gari hukutana na watu siku ile anayoondoka.

Neno safari lenyewe si geni mtaani hapa. Baada ya Mjerumani Richard Kandt kuanzisha Kigali mwaka 1907, walikuja askari, wapagazi na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili, wengine kutoka pwani. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo ulijengwa 1913. Watu hao walikuwa na safari ya kuja tu. Siku yao ya mwisho ya safari ilikuwa siku ya kuhamia.

Hawakupokewa kwa mikono miwili. Utawala wa Wabelgiji uliwaweka katika mitaa yao, iliyoitwa kambi za Waswahili, na aliyetaka kwenda kwingine alihitaji kibali. Hata baada ya uhuru, kumwita mtu Mswahili nchini Rwanda kulibaki na maana ya kumwita mjanja asiyeaminika. Kulikuwa na wazazi waliowazuia watoto wao wasiisemee lugha hiyo nyumbani.

Mwaka 2007 Rwanda ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na miaka kumi baadaye bunge likapitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lugha iliyokuwa tusi ikageuka kuwa kitendea kazi. Hilo huonekana wazi pale dereva wa watalii kutoka Uganda au Kenya anapoegesha gari karibu na Biryogo. Tangu mpaka wa Gatuna amekuwa akiendesha upande wa kulia, kinyume cha alivyozoea kwao. Akishuka, salamu ni ileile, "Habari za safari, kaka?", na bei ya kifaa cha gari hujadiliwa bila mkalimani.

Lakini lugha imetangulia mbele ya sheria. Gatuna ilifungwa Februari 2019 Kigali na Kampala zilipokosana, ikafunguliwa tena 31 Januari 2022. Kwa mtalii anayetoka Bwindi, Kigali iko karibu kuliko Entebbe. Mpaka ukifungwa, siku ya mwisho ya safari humalizikia kwingine, na meza za Biryogo hupungukiwa wateja.

Si Gatuna pekee. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya utalii ya Tanzania kuwafikisha au kuwachukua wageni katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Ilibidi marais Uhuru Kenyatta na Jakaya Kikwete wazungumze, ndipo zuio likaondolewa Machi 2015. Muda wote huo, mgeni aliyemaliza mbuga za Tanzania alilazimika kubadili gari akiwa na mabegi yake yote.

Mwaka huohuo wa 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya utalii ya dola 100, inayodumu siku 90. Tanzania, nchi yenye Serengeti na Kilimanjaro, haimo. Burundi nayo haimo. Anayetaka kuanzia Serengeti na kumalizia Biryogo huhitaji viza mbili, ilhali neno analolitumia kuitaja ziara yake ni moja kote anakopita.

Jioni adhana inapoadhiniwa Nyamirambo, magari huanza kuelekea Kanombe. Wageni wamebeba vitenge vilivyoshonwa mchana uleule. Dereva akishawashusha, kesho yake ataanza safari ndefu ya kurudi Kampala au Nairobi na gari tupu. Kwa usiku huo hurudi Biryogo kula. Hapo, akiulizwa anatoka wapi, hujibu kwa lugha ya nyumbani na ya ugenini kwa pamoja.