Dawa ya viluwiluwi na bei yake halisi

Ukiingia duka la pembejeo jijini Dar es Salaam kuulizia dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu, si ajabu ukapewa chupa ileile anayouziwa mkulima wa nyanya. Bei yake nafuu, inaua palepale, na unaondoka umeridhika. Niseme mapema kwamba kwa kazi hii, hiyo ndiyo dawa ghali kuliko zote zilizomo humo dukani.

Nyingi ya chupa hizo zina pairethroidi, kundi lilelile la viuadudu vinavyotiwa kwenye vyandarua. Ukiimwaga dimbwini, viluwiluwi wengi watakufa. Wachache wenye maumbile ya kuihimili watabaki, watakua na kuzaana, na kizazi chao kitatua juu ya chandarua cha mwanao bila kudhurika. Usugu dhidi ya pairethroidi umeshathibitishwa kwa mbu wa malaria katika sehemu nyingi za Tanzania, ndiyo maana siku hizi kuna vyandarua vinavyoongezewa kiambato cha pili. Pairethroidi huua na samaki pia, na Shirika la Afya Duniani haliipendekezi kwa viluwiluwi. Chupa ya elfu chache inayochakaza chandarua cha mtaa mzima si nafuu hata kidogo.

Kabla hujatoa shilingi yako, chota maji kidogo kwa bakuli jeupe uyatazame. Kiluwiluwi wa Anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Wa Kuleksi na wa Edesi huning'inia kichwa chini, mrija wa kupumulia ulioko mkiani ukigusa juu. Wakiwa shimo la choo au mtaro mchafu, yaelekea ni Kuleksi, wale wanaotunyima usingizi na ambao pwani yetu hueneza matende na mabusha. Wakiwa kwenye jaba, tairi au simtanki, washuku Edesi, aliyeieneza dengue jijini mwaka 2010, 2014 na 2019. Na ukimkuta aliyelala sambamba ndani ya tangi, usimpuuze: mwaka 2022 Kenya iligundua Anofelesi stephensi, mbu wa malaria aliyezoea matangi ya mijini.

Tuanze na simtanki, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure. Mfuniko unaokaa vizuri na kipande cha wavu kwenye bomba la kufurikia hununuliwa mara moja, na hakuna mbu anayejenga usugu dhidi ya mfuniko. Kama tangi haliwezi kufunikwa, kuna dawa zinazokubalika kwa maji ya kunywa, mradi kipimo kifuatwe. Chembechembe za temefosi za asilimia 1 hutakiwa gramu 100 kwa lita 1,000. Za pairiproksifeni za asilimia 0.5 hutakiwa gramu 2 tu kwa tangi lilelile. Piga hesabu: kilo moja ya temefosi ni matangi 10, kilo moja ya pairiproksifeni ni matangi 500. Hata kama kilo ya pili inauzwa mara kumi ya bei ya kwanza, bado ndiyo nafuu, na hapo usijipimie kwa kijiko cha chai, tumia mizani.

Lakini pairiproksifeni ina tabia inayowakatisha watu tamaa. Haiui kiluwiluwi, inamzuia kugeuka mbu kamili. Ukifungua tangi baada ya siku tatu utawakuta bado wanacheza, utadhani umetapeliwa, na ukiongeza dozi unapoteza fedha na kuvuka kiwango kinachoruhusiwa kwenye maji ya kunywa. Namna ya kuijaribu ni kuweka viluwiluwi wachache kwenye kopo la maji ya tangi hilohilo, ukalifunika kwa kitambaa cha wavu, ukasubiri uone kama atatoka mbu anayeruka.

Temefosi inaua haraka na hudumu wiki kadhaa, na kwa hilo ilipendwa sana Brazili. Kwa miaka mingi ilitiwa majumbani kupambana na Edesi, mpaka vipimo vya mwishoni mwa miaka ya 1990 vikaonyesha kwamba miji mingi ina mbu wasioijali tena: miili yao ilikuwa inatengeneza vimeng'enya kwa wingi na kuivunjavunja sumu kabla haijafika kwenye neva. Serikali ikalazimika kuhamia kwenye bakteria, kisha kwenye dawa za kuzuia ukuaji. Edesi wa Recife, Brazili, na wa Kariakoo ni spishi moja. Kwa mwenye tangi, hiyo ina maana kwamba temefosi itumike kwa kupokezana na dawa ya kundi lingine, na dozi nusu isitiwe kamwe. Na usidhani kubadili chapa ni kubadili dawa. Temefosi, malathioni, klopirifosi na pirimifosi-methili, ambayo nayo hupulizwa kwenye kuta za nyumba, zote ni organofosfeti. Kwenye lebo, soma jina la kiambato amilifu kabla ya jina la biashara, kisha tafuta namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Kwa madimbwi na mitaro, chaguo langu ni bakteria. Kiwanda cha Kibaha, kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba, kimekuwa kikitengeneza aina mbili, na mnunuzi anapaswa kuzitofautisha. Bactivec ina bakteria aitwaye Bti, ambaye hutoa sumu nne tofauti. Kiluwiluwi akila, utumbo unaharibika, na kwa kawaida ndani ya saa 24 amekufa. Kwa kuwa sumu ni nne, mbu hapati mwanya rahisi: bonde la mto Rhine, Ujerumani, wametumia Bti tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 bila usugu wa maana kujitokeza. Griselesf ina bakteria mwingine, Lysinibacillus sphaericus, anayevumilia maji machafu na kudumu zaidi, kwa hiyo kwa karo inaonekana ndiyo yenye faida. Ila nguvu yake imeegemea sumu moja inayonasa mahali pamoja tu kwenye utumbo, na Kuleksi wa India, China na Ufaransa wameshaizoea. Ipokezane na Bti, isitumike peke yake miaka nenda miaka rudi.

Udhaifu wa Bti ni muda. Mbu wetu hutoka yai hadi kuruka kwa siku saba mpaka kumi hivi, na dawa yenyewe haikai sana majini, kwa hiyo kazi ni ya kila wiki. Pupa nao hawali, kwa hiyo waliokwisha kufikia hatua hiyo watapona. Chupa iliyokaa juani dukani imeshapungua nguvu, hivyo angalia tarehe na mahali ilipowekwa. Hesabu bei ya wiki 52 za dawa na malipo ya kijana wa bomba la mgongoni, usihesabu ya chupa. Kwa kaya moja gharama hiyo haina maana, kwa sababu dimbwi la jirani litakuletea mbu vilevile. Kwa mtaa ni habari nyingine: mpango wa jiji la Dar es Salaam, ulioanza 2004 na kutumia wakazi wenyewe kukagua na kutia dawa, ulikokotolewa kugharimu chini kidogo ya dola 1 ya Marekani kwa mtu kwa mwaka, kwa bei za wakati ule.

Limebaki shimo la choo lenye maji, na hapo sinunui dawa kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Makunduchi, Unguja, vyoo na makaro vilitiwa punje za polistairini, ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni. Zikaelea, zikatanda tabaka la sentimita moja au mbili, viluwiluwi wakakosa hewa na mbu wakakosa pa kutagia. Mbu wa Kuleksi walipungua kwa zaidi ya 90 kwa kila 100, na pamoja na dawa za matende walizopewa wananchi, maambukizi yakashuka sana. Tabaka lile hukaa miaka, na mbu hawezi kuwa sugu kwa kukosa hewa. Lisiwekwe tu kwenye shimo linalofurika masika, maana punje zitasombwa hadi baharini. Shimo la namna hiyo lifunikwe, na bomba lake la hewa livikwe wavu.