Marashi ya "ambre": usilipe mbele ya kungoja

Mbele ya ndoa ya mdogo wangu niliingia kwenye duka moja hapa Bukavu kutafuta marashi. Muuzaji alipuliza kidogo kwenye karatasi, akanipa ninuse. Harufu ilikuwa nzuri, kama machungwa. "Yaya, hii ni ambre ya kweli, inatoka mu samaki mukubwa wa bahari, njo maana bei iko juu." Nikatoa dola 25. Misa haijaisha, harufu ilikuwa imekwisha. Ambre sikuisikia hata kidogo. Nilisikia limau, kisha spiriti, kisha basi.

Tangu siku ile nimeuliza na nimesoma, maana neno hili limeandikwa kwenye chupa nyingi sana katika maduka yetu, na wengi wetu tunalilipia bila kujua ni kitu gani.

Tuanze na jina lenyewe. Kwa Kifaransa, "ambre" ni jina la vitu viwili visivyo na undugu. Kimoja ni kile watu wa pwani wanakiita ambari: kinafanyika ndani ya matumbo ya nyangumi mkubwa, yule Wafaransa wanamwita kashaloti, kisha kinaelea baharini na kuokotwa ufukweni. Kingine ni kaharabu, utomvu wa miti ya zamani sana uliogeuka kuwa kama jiwe la rangi ya asali, ambao watu wanatengenezea shanga. Kaharabu karibu haina harufu. Ambari iko nayo, lakini ni adimu na ghali mno. Mutu akikuambia eti iko ndani ya chupa ya dola 25, cheka tu na uendelee na safari.

Sasa ndani ya chupa kuna nini? Kuna mapishi. Watengenezaji wa marashi wanachanganya vitu kadhaa mpaka wapate harufu nzito, tamu, yenye joto, na mchanganyiko huo ndio wanaouita ambre. Cha kwanza ni labdanumu, utomvu unaonata wa kichaka kinachoota pande za Mediterania, kama vile Hispania na kisiwa cha Krete. Zamani watu waliukusanya kwa kuchana ndevu na manyoya ya mbuzi waliopita kwenye vichaka hivyo. Harufu yake inakaribia ngozi na moshi. Cha pili ni benjoini, utomvu wa miti ya Laos na Sumatra. Cha tatu ni vanila, na hapo tuko nyumbani kidogo, kwa sababu inalimwa upande wa Beni na Mambasa, na kwa majirani zetu Uganda. Ila usifikiri kwamba mkulima wa Beni ndiye anajaza chupa zote hizo. Mwaka 1874 wataalamu wa Ujerumani walifaulu kutengeneza vanilini, ile harufu kuu ya vanila, bila kutumia tunda lake, na marashi mengi ya leo yanatumia hiyo ya kiwandani. Si udanganyifu. Hata Shalimar ya nyumba ya Guerlain, iliyotoka Ufaransa mwaka 1925 na inayouzwa mpaka leo, imejengwa juu ya vanila ya namna hiyo.

Shalimar hiyo inaonyesha vizuri kosa langu. Ukiipuliza, unaanza kusikia bergamote, tunda la jamii ya limau. Vanila na utomvu vinakuja nyuma. Marashi ni hivyo: vitu vyepesi vinaruka haraka, vizito vinabaki kwenye ngozi. Ambre ni kati ya vile vizito. Kwa hiyo harufu ile ya kwanza dukani siyo ile unayolipia! Omba muuzaji akupulizie kwenye mkono, siyo karatasi tu, kisha uende ununue sombe na mafuta, uzunguke sokoni. Rudi nyuma ya saa moja, unuse tena. Ukikuta utamu mzito ungali pale, mnaweza kuzungumza bei. Ukikuta ngozi tupu, umeokoa pesa yako.

Soma pia maandishi ya chupa. "Eau de parfum" kwa kawaida iko na mafuta ya harufu mengi kuliko "eau de toilette", kwa hiyo inakaa zaidi. Na usishangae kama chupa ya wanaume imeandikwa ambre lakini haina utamu wowote, inanukia kama mti mkavu na chumvi. Hiyo mara nyingi ni ambroksani, kitu cha kiwandani kinachoiga ile ambari ya nyangumi. Iko kwa wingi ndani ya Sauvage ya Dior, ile vijana wanaipenda sana, na ndani ya zile zinazoiiga. Kama unatafuta joto la vanila, hiyo siyo yako.

Rangi isikutishe. Marashi yenye vanilini mingi yanageuka kahawia kadiri siku zinavyopita, na hiyo peke yake haimaanishi yameharibika. Ila yanaweza kuacha doa, basi usipulize kwenye blauzi nyeupe. Kinachoharibu ni jua na joto. Chupa iliyopangwa mezani nje miezi mingi, mimi siinunui hata wakipunguza bei nusu.

Tena, ambre inapenda baridi. Jioni za Bukavu, wakati upepo wa ziwa unapanda, inakaa vizuri chini ya kitenge. Lakini Lubumbashi mwezi wa kumi, saa nane mchana, ndani ya teksi-basi mumebanana, mipulizo mitano ni adhabu kwa jirani, zaidi kama ana pumu. Mmoja unatosha, nyuma ya shingo.

Chupa ile ya dola 25 ingali kabatini kwangu. Mdogo wangu anaitumia kufukuza harufu ya samaki jikoni, na kwa dakika kumi inafanya kazi vizuri.